Shanga za Rangi ya Ufizi

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimemwahidi shangazi kwamba Jumamosi hii nitatoa jibu mbele ya ndugu. Ndiyo au hapana. Kama hukuwepo, msomaji, usihangaike, balaa zangu hazina haraka, nitakukumbusha.

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nyumbani walinibandika jina la Bi Kinyaa kabla sijajua hata kuandika langu la kweli. Sinywi kwenye kikombe cha mtu. Sikai kwenye kiti chenye joto la aliyeinuka. Mume wangu aliondoka kwa sababu kila akionja chakula jikoni nilikuwa nasuuza kijiko, akaenda kwa mwanamke anayekula naye sahani moja na, nasikia, hata kijiko kimoja. Hiyo tulishaimaliza, siirudii. Nikiirudia nasikia kichefuchefu.

Nikabaki na vyumba viwili na mikono yangu. Siku za wiki nafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, lakini Jumamosi wanawake wa mtaani wanakuja kwangu, tunatunga hereni na vidani, tunaoka biskuti, tunasema watu. Ni kujifurahisha tu. Nikaona nami niweke kibao mlangoni: VIPULI VYA MKONO. Mchoraji, ambaye ulimi wake na herufi ya R ni ndugu wa damu, akaniandikia VIPURI VYA MKONO.

Basi wakaja mafundi magari. Mmoja alisimama mlangoni akaniuliza kama nina kebo ya breki ya mkono. Mwingine aliondoka akitukana kwamba duka gani la vipuri linanuka vanila.

Na akaja yeye. Alikuwa anatafuta mkanda wa mashine yake ya kusugulia. Ni fundi wa meno ya bandia, karakana yake iko mtaa wa nyuma, watu wanamwita Fundi Meno. Nilimpa mkono kumsalimia, akaniomba maji anawe. Nikampa maji. Nikampa biskuti, akanawa tena ndipo akala. Msomaji, moyo wangu ulifunguka kama mlango. Katika maisha yangu sikuwahi kuona mwanamume ananawa mara mbili bila kuambiwa.

Tangu siku ile alikuja kila Jumamosi, mpaka akaleta posa. Kaka yangu, ambaye ndiye amebaki kama baba kwetu, alisema neno moja tu: "Huyu naye ukimkataa kwa kinyaa chako, mimi nanawa mikono. Usiniite tena kwa habari za ndoa. Utazeeka na kikombe chako."

Sikuwa na nia ya kumkataa. Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa mezani natunga kidani cha kuvaa mchana. Shanga zilikuwa zake Fundi Meno. Nilikuwa nimemlalamikia zamani kwamba rangi ya waridi ya shanga za dukani ni waridi wa maputo, mimi nataka waridi uliotulia, wenye uhai. Jumamosi iliyofuata akaniletea kopo. Shanga laini, waridi wa nyama, na ukizielekeza kwenye mwanga unaona nyuzi nyekundu nyembamba zinapita ndani. Aliniambia amezikata na kuzitoboa mwenyewe. Wanawake wa Jumamosi walikaribia kupigana. Nikawatungia wote hereni, na mama yake Fundi nikamtungia za kuning'inia.

Aliniletea na kikato cha biskuti, kibati kilichopinda kama mwezi mchanga wenye pembe nene. Biskuti zangu zikapata sura yao. Mtaa mzima sasa ukisema "zile za mwezi" wanajua ni za kwangu.

Ninavyotunga mimi ni hivi: mkono mmoja una uzi, mwingine una sindano, shanga zinasubiri kinywani. Ulimi unaigeuza shanga mpaka tundu linakaa mbele, unaisukuma kwenye midomo, sindano inaidaka. Mama yangu alitunga hivyo na mimi natunga hivyo. Mate yangu mwenyewe hayajawahi kunitia kinyaa, ni yangu.

Shangazi akafika mapema, kama kawaida yake akisikia kuna biskuti. Akakaa, akachukua moja, akaigeuza. Akachukua shanga moja kwenye sinia, akaisogeza dirishani. Akaacha kutafuna.

"Hizi amekupa nani?"

Nilikuwa na shanga kadhaa chini ya ulimi, nikajibu kwa kuelekeza kidole mtaa wa nyuma.

"Fundi Meno?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Basi shangazi yangu, mama mtu mzima, akatia vidole mdomoni, akachomoa meno yake ya juu yote, akayaweka mezani kwangu. Katikati ya shanga. Yamelowa, na punje ya biskuti imeng'ang'ania kwenye gego.

Nikaruka na kiti.

"Fafa tafama," alisema, maana bila meno maneno yake hayana mifupa. Akaiweka ile shanga kando ya ufizi wa bandia. Waridi ule ule. Nyuzi nyekundu zile zile. Kisha akachukua biskuti yangu ya mwezi na kuilaza juu ya meno yake. Ikakaa, pembe kwa pembe, kama kifuniko na sufuria yake.

"Umeoka taya, mwanangu," akasema, na akacheka mpaka akashika mbavu.

Niliinama nikatema zile shanga kwenye kiganja. Msomaji, nimeshaona panya ndani ya gunia la unga. Nimeshapiga pasi mashuka ya watu nisiowajua, yenye mambo nisiyoyataja gazetini. Hakuna kilichowahi kunipanda kooni namna ile. Nilihisi ulimi wangu si wangu. Nilitaka kuuvua niuloweke kwenye maji ya moto.

Shangazi alirudisha meno yake mahali pake, akamalizia ile biskuti.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kwake."

"Na watu wanakuja?"

"Waje."

Nilivuka mtaa na shanga zangu kiganjani, zimelowa. Sikumbuki kama nilimsalimia mtu.

Nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya karakana yake. Siku zote tuliagana mlangoni, na mimi niliona ni adabu. Ndani kulikuwa na vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye nyaya za taa. Rafuni vinywa vya plasta vimepangwa, vingine vimetoboka, vingine vimebaki na jino moja mbele. Kwenye meza, chini ya jiwe la kusagia, unga wa waridi ulikuwa umejikusanya kama sukari iliyotiwa rangi. Na kando ya jiwe, ndoo. Ndani ya ndoo meno. Meno ya bandia ya kila namna, ya juu, ya chini, yenye rangi ya chai, yenye waya, mengine yamevunjika katikati, yote yamekenua.

Yeye alikuwa amevaa glavu, ameinama anasugua. Akaniona, akatabasamu.

"Umekuja kuniita? Bado sijabadilisha nguo."

Nikamwaga zile shanga mezani kwake.

"Hizi ni nini?"

"Shanga zako." Alivua glavu, akaokota moja. "Mbona zimeloa?"

"Zilikuwa kinywani. Nimekuuliza ni nini."

Aliirudisha polepole mezani. Akajifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja.

"Kinywani mwa nani?"

"Mwangu, mwa nani tena. Natunga. Usinizungushe. Zimetoka kwenye ile ndoo?"

"Zimetoka humo," alisema. "Watu wakija kuchukua meno mapya, ya zamani wanayaacha. Hawayataki nyumbani. Ufizi ule ni plastiki nzuri sana, haichakai. Uliniambia unatafuta waridi wenye uhai."

"Wenye uhai nilisema rangi. Sikusema uwe umeishi."

"Nimezichemsha. Nimezisaga, nimezisugua, nimezichemsha tena. Ni safi kuliko kijiko cha hotelini."

"Wenyewe wako hai?"

Alifikiri. Laiti angejibu haraka, hata uongo ningeupokea.

"Wengine," akasema.

Nilishika ukingo wa meza, nikakuta nimeshika plasta, nikauachia.

"Na kile kikato cha biskuti?"

"Ni bati la kuchukulia umbo la kinywa. Unatia plasta, mteja anauma."

"Lilikuwa jipya?"

"Lilikuwa jipya," alisema, "zamani."

Niseme nini. Nilikuwa nimelishwa na nimelisha. Wale wanawake wanaolamba vidole mezani kwangu wakiomba waongezewe, walikuwa wanalamba kinywa cha marehemu wa mtu. Nilimwambia yote niliyoweza kuyasema bila kutapika, na mengine nikayasema kwa macho. Nilimwambia ni mchafu. Neno hilo nililisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa anazitazama zile shanga zilizolowa.

"Mimi nilidhani unatumia sindano," alisema.

"Natumia sindano. Zinasubiri mdomoni."

"Zote?"

"Zote."

"Hata zile za mama yangu?"

"Nimekwambia zote. Unataka nikuandikie?"

Uso wake ulibadilika, na mimi mjinga nikaona ni aibu imemwingia. Nikajisemea, afadhali, ana haya kidogo. Alikwenda kwenye beseni akanawa, akarudia, akafuta mikono kwa kitambaa kipya.

"Mchana nitakuja," akasema. "Ndugu wameshaitwa. Kila mmoja atasema lake mbele yao."

"Njoo," nikamwambia. "Utalisikia la kwangu."

Nilirudi nyumbani nimeshaamua hapana. Nilisukutua kwa maji ya chumvi mpaka midomo ikakauka. Shangazi alikuwa ameshapanga viti na anazikung'utia biskuti sukari ya unga, zile zile.

"Usiwape watu hizo."

"Niwape nini, plasta? Zimeokwa kwenye moto. Moto hauulizi." Akaendelea kukung'uta. "Umemwambia nini mwenzako?"

"Nimemwambia ni mchafu."

"Yule? Anayenawa mpaka mikono inachubuka?"

Nikaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

"Nikuulize, mwanangu. Yule wa kwanza ulimkinai kwa kijiko. Huyu unamkinai kwa shanga. Akija wa tatu, utamkinai kwa nini? Pumzi? Maana sote tunapumua." Alikaa, akashusha sauti. "Mimi mume wangu alinishikia beseni nilipong'olewa meno. Damu, mate, usaha. Alilishika lile beseni na alikuwa anakula karanga kwa mkono mwingine. Wewe nani atakushikia beseni?"

Nilimwambia sitaki kusikia habari za usaha siku kama ya leo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Nikaenda chumbani kubadilisha nguo. Kwenye meza ya kitanda kuna kikombe changu, kimoja, kimefunikwa na sahani yake. Nilikitazama kile kikombe nikakichukia. Nasema ukweli, nilikiona kama mtu aliyekaa kwangu miaka yote bila kunisemesha. Nikaanza kulia, na machozi yalipofika mdomoni nikayafuta haraka, hata yenyewe yalinitia kinyaa.

Huyu mtu alinisikia nikitamani rangi ambayo haiuzwi. Alikaa chini akaisaga kwa mikono yake, punje kwa punje, akaitoboa. Nani mwingine amewahi kuinama juu ya kitu kwa ajili yangu?

Nikafungua droo, nikatoa shanga moja iliyobaki. Waridi, na uzi wake mwekundu ndani. Nilijua ni nini, hakuna wa kunidanganya tena. Nilifumba macho nikaiweka kwenye ulimi.

Mwili mzima ulikataa. Jasho likanitoka kwenye mgongo, mate yakajaa nikashindwa kuyameza. Nilihisi taya la mtu nisiyemjua limenikumbatia ulimi. Nikasimama pale nimeshika ukuta, nikajiambia: ukiweza hii, unaweza ndoa. Ikakaa. Nikaisukuma chini ya ulimi. Ndugu wakiondoka nitamwita jikoni, nitafungua mdomo nimwoneshe, na hapo sitahitaji kumwomba msamaha kwa maneno.

Nikatoka sebuleni nikiwa nayo.

Wamejaa. Kaka yangu kwenye kiti kikubwa. Wanawake wa Jumamosi wamebanana kwenye benchi, kila sikio na waridi wake. Mama yake Fundi, mama mpole, ndiye aliyekaa mbele, hereni zake zinaning'inia mpaka shingoni, anakula biskuti ya mwezi kwa kuanzia pembeni. Nilitazama pembeni. Fundi alikuwa kwenye kona, shati jeupe, mikono magotini. Hakugusa biskuti.

Kaka hakupoteza muda, ana basi la kuwahi.

"Dada, sote tunajua kilichotuleta. Mwenzako ameonesha nia. Nakuuliza mbele ya mama yake na mbele ya watu, umemkubali au hukumkubali?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Nimemkubali," nikasema. Shanga ilinizuia kidogo kwenye M, lakini lilitoka, na lilisikika.

Shangazi akapiga makofi. Kaka akafuta paji la uso, akaguna kwa raha, naona alikuwa amejiandaa kwa lingine. Mama yake Fundi akaniita "mkwe wangu" kwa mara ya kwanza. Nami, msomaji, nikaona kumbe ni rahisi hivi. Kinyaa changu chote, maisha yangu yote, kilikuwa mlango wa kusukuma na mimi nilikuwa nauvuta.

Fundi akasimama.

"Naomba radhi," alisema. "Mimi siwezi."

Makofi ya shangazi yalikatika.

"Huwezi nini?" kaka akauliza.

"Kumwoa. Namheshimu, lakini siwezi." Alikuwa anasema kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mimi kutwa nashinda kwenye vinywa vya watu. Mate, harufu, mabaki ya chakula. Nikitoka kazini nataka mahali pasafi, na nilipomwona huyu nilijua nimepapata. Leo asubuhi nimejua kwamba kila shanga anayotunga anaitia mdomoni kwanza. Anaigeuza na ulimi. Kisha anawavika watu, hata kuzisuuza hazisuuzi. Nimejaribu kulisahau tangu asubuhi, nimeshindwa. Nikikumbuka, naona kinyaa."

Mama yake akapeleka mkono sikioni. Kwenye benchi wanawake walitazamana, na mmoja, yule mshona nguo ambaye nilimfundisha mimi kushika sindano, akaanza kufungua hereni yake kwa ncha za kucha, kama anayetoa kupe.

Habari za ndoo hakuzitaja. Wala bati. Alisimama pale na shati lake jeupe, mwenye haki, na kinyaa chake kimekaa usoni vizuri kuliko changu kilivyowahi kukaa.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na ya kusema hata tungekesha. Niwaambie wamemeza nini, wamevaa nini, mama mpole ameuma nini kwa kuanzia pembeni. Lakini kwa kusema yote hayo lazima nifungue mdomo, na shanga ilikuwa humo.

"Dada," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni kweli?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Si kweli?"

Nikatikisa tena. Nilihisi shanga inaogelea.

"Basi sema kwa mdomo watu wasikie. Umemkubali kwa mdomo, mkanushe kwa mdomo."

"Mwanangu, jibu," shangazi akasema.

Benchi zima lilikuwa linanitazama midomo. Fundi naye akainua macho kwa mara ya kwanza tangu nimeingia. Alinitazama hivyo, kisha akasogea mbele hatua moja na kuinamisha kichwa kidogo, na nikajua anachofanya, kwa sababu ndiyo kazi inayomlisha.

"Una nini humo?" akaniuliza.

Mate yalikuwa yamejaa. Nilijaribu kuyameza, shanga ikateleza, ikagonga jino, na chumba kizima kikaisikia.